Mbuzi wa shangazi walipozidi nyumba

UKIPITA vichochoro vya Langoni, mjini Lamu, asubuhi mapema, utawakuta mbuzi wametangulia kuamka. Wanapishana na punda waliobeba mchanga na mawe, wanaokota maganda ya ndizi na machicha ya nazi, na wasipopata hayo hutafuna hata boksi la karatasi. Hakuna mchungaji. Jioni kila mmoja hurejea kwao, akapiga mlango kwa pembe.

Shangazi yangu alianza na mbuzi watatu tu: majike wawili na beberu mmoja. Alisema ni akiba yake, kwani mbuzi huuzwa siku yoyote mtoto anapofukuzwa shule kwa karo. Mwaka wa tatu nilipokwenda kumwamkia nilihesabu mbuzi 14 katika ua ambao haukutosha hata kuanika nguo.

Msomaji wa mjini huenda akashangaa, lakini hesabu yake ni nyepesi. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Mara nyingi huzaa pacha, na akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Mtamba huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, na kitoto cha kiume huanza ubeberu akiwa na miezi minne au mitano, wakati wewe bado unamwona mtoto. Wakilala zizi moja, dada, mama na nyanya wote watapandwa na ndugu yao.

Majirani walianza kunung'unika. Mbuzi mmoja alipanda daka la nyumba ya pili akamaliza chungu kizima cha asumini, na kwa mwanamke wa Lamu hilo si kosa dogo. Lakini lililomshinda shangazi ni maji. Mbuzi mmoja hunywa kama lita 2 hadi 5 kwa siku, kutegemea jua na chakula. Wakiwa 14, hizo ni ndoo kadhaa kila siku, na magoti ya shangazi yalikuwa yamechoka kuinama.

Tusisahau kwamba visiwa hivi huishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa ardhini. Mji wa Lamu hutegemea visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Ng'ambo ya pili, kisiwani Manda, yako magofu ya Takwa, mji ulioachwa katika karne ya 17. Wazee husimulia kwamba maji yake yaliingia chumvi, watu wakahamia Shela. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Wapeleke Manda, kuna majani tele," muulize kwanza watakunywa nini.

Utasema, si wauzwe kwa mchinjaji? Madume hayakutupa taabu. Idi ya kuchinja huwapokea, ingawa kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mbuzi wa udhia awe ametimiza miaka miwili. Akika nayo huchukua wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mbuzi aliyechinjwa vizuri akala jirani na maskini amekwenda pazuri.

Taabu ilikuwa majike: wenye mimba, wenye kunyonyesha, mitamba iliyokuwa haijazaa hata mara moja. Kumchinja hao ni kuvunja akiba kabla ya siku yake. Shangazi alitaka wapate watu wa kuwafuga.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la kipumbavu, na mpumbavu ni mimi. Alikuja kijana mwenye maneno matamu, akasema ana shamba na watoto wake wanahitaji maziwa. Nikampa majike wawili bure, mmoja ana mimba. Siku ya tatu nikaambiwa ngozi zao zimeanikwa nyuma ya bucha. Nilipomweleza shangazi hakunigombeza. Aliniita "baba," kama anavyoniita siku zote, kisha akanyamaza hadi Magharibi.

Tangu siku hiyo nilijifunza kutokutoa mbuzi mlangoni. Anayemtaka nitakwenda kwake kwanza. Nitatazama kivuli kiko wapi, maji yanatoka umbali gani, na usiku mbuzi watafungiwa wapi, maana upande wa bara kuna fisi. Nitauliza kama ana mbuzi wengine. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimtoa mmoja peke yake atalia usiku na mchana, atakataa kula, na mwenyewe atachoka naye. Ndiyo maana hutolewa wawili wawili, waliozoeana.

Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: "Akizaa madume mawili, utafanya nini?" Mwenye mpango hujibu papo hapo.

Tuliyempata mwisho ni familia moja ya Hindi, upande wa bara, yenye shamba la mahindi na mikorosho. Safari hiyo si ya kubeba mbuzi begani na kuruka chomboni. Kwanza ni kwa afisa wa mifugo, akague afya na kutoa kibali cha kusafirisha. Watu huona kibali ni usumbufu, lakini kina sababu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini Kenya mwaka 2006, ikianzia Turkana, na huweza kuua sehemu kubwa ya kundi kwa muda mfupi. Chanjo yake ipo, na mara moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Tena iko homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza humu humu Kenya mwaka 1976.

Hatari nyingine ni mbung'o. Bara ya Lamu ina misitu yenye mbung'o, na mbuzi wa kisiwani asiyewahi kuumwa nao anaweza kudhoofika kwa nagana. Tulichagua nyumba iliyo mbali na kichaka, na mwenyeji akaahidi kuwatenga wageni wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wake.

Tulivuka hadi Mokowe alfajiri, kabla ya jua kali. Waliokaribia kuzaa hatukuwasafirisha. Tulibeba pia gunia la chakula walichokizoea, kwani tumbo la mbuzi likibadilishiwa chakula ghafla hujaa gesi.

Hatukuwatoa bure wala hatukuwauza. Tulipatana kwa ule utaratibu wa zamani wa wafugaji: majike ni ya shangazi, maziwa ni ya mfugaji, na watoto wanagawanywa, uzao wa kwanza wake, wa pili wetu. Mtu hawezi kupeleka kwa mchinjaji mali ambayo nusu yake si yake. Shirika la Heifer, lililoanzishwa Marekani mwaka 1944, lina kanuni ya jamaa moja: aliyepewa mnyama humpa jirani uzao wa kike. Watanzania wanaijua kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe."

Visiwa vingine duniani vimepitia makubwa zaidi. Kule Galápagos, mbuzi zaidi ya 100,000 waliuawa kwa bunduki katika mradi wa mwaka 1997 hadi 2006, kwa kuwa walimaliza majani ya kobe wakubwa. Lakini katika kisiwa cha San Clemente, California, watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani, na miaka ya 1980 maelfu ya mbuzi wakakamatwa kwa nyavu kutoka helikopta wakapewa watu bara. Leo mbegu hiyo ni adimu na inatafutwa na wafugaji.

Sisi hatukuwa na helikopta. Tulikuwa na mtaalamu wa kuhasi, aliyemaliza kazi na wale madume wadogo asubuhi moja. Yule beberu mkubwa, baba na babu wa nyumba nzima, tulimuuza. Ingalifaa tufanye hayo mwaka wa kwanza.

Akabaki Kidevu, jike la kwanza, mzee asiyezaa tena na meno yamekwisha. Hakuna aliyemtaka, na shangazi hakumtoa. Alimwachia mjukuu mmoja wa kike wa kulala naye, wakawa wawili, bila dume.

Juzi simu ilitoka Hindi. Mtamba wetu mmoja amezaa pacha, wote majike. Shangazi alichukua simu, akawashukuru, akauliza habari za watoto na shamba. Kisha akauliza baba wa hao pacha ni beberu wa nani.