Tovuti ya Mahafali: Jina Sahihi, Tarehe Sahihi, Nauli Isiyopotea

Kila msimu wa mahafali, familia nyingi huchanga nauli na kukodi matatu ili kumwona kijana wao amevaa joho. Siku hizi vyuo vikuu vingi hutoa tarehe, orodha ya majina na maelezo ya malipo kupitia tovuti. Tarehe ikibadilika na tovuti isibadilishwe, anayeumia ni mzazi aliyesafiri bure. Kwa hiyo tovuti ya mahafali si pambo la chuo. Ni huduma inayohitaji mpango na mtu wa kuitunza.

Nani anaitunza?

Kazi huanza kwa kuteua afisa mmoja, hasa katika ofisi ya msajili, mwenye mamlaka ya kubadilisha taarifa, na mwingine wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Bila hivyo, tangazo moja hutoka kwenye tovuti, lingine kwa WhatsApp na la tatu kwenye ubao wa chuo, na yote hayalingani.

Ukurasa wa kwanza ujibu maswali manne: sherehe ni lini, ni wapi, kila anayefuzu anaruhusiwa wageni wangapi, na malipo ni kiasi gani. Juu yake iandikwe siku ambayo taarifa zilibadilishwa mara ya mwisho. Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na maelezo yakiwa katika lugha zote mbili humfaa pia mzazi asiyesoma Kiingereza.

Orodha ya majina

Orodha ya kwanza inafaa kuwa rasimu, itolewe mapema ili mwanafunzi akague herufi na mpangilio wa majina yake kabla cheti hakijachapishwa. Jina la cheti lisipolingana na la kitambulisho, mwajiri anaweza kulitilia shaka. Tovuti ionyeshe siku ya mwisho ya kurekebisha, ofisi ya kupeleka ombi na stakabadhi zinazotakiwa. Rasimu ya zamani iondolewe mara mpya inapotoka.

Wengi hufungua ukurasa huo kwa simu. Orodha iliyopigwa picha humaliza bando, na ni vigumu kutafuta jina ndani yake. Iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida ni nyepesi na jina hupatikana haraka. Siku orodha inapotoka, watu wengi huingia kwa wakati mmoja, hivyo wataalamu wa chuo waijaribu seva mapema.

Usiri na ulaghai

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiwango kinachohitajika tu. Jina na shahada vinatosha. Nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na deni la karo havina kazi katika orodha ya umma. Aliyeanikwa taarifa zake anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Anwani za tovuti za vyuo vikuu nchini kwa kawaida huishia kwa .ac.ke. Ujumbe wa simu unaodai malipo ya joho kupitia anwani nyingine utiliwe shaka.

Sherehe ikiisha

Tovuti isitelekezwe. Ieleze majoho yanarudishwa lini na vyeti vinachukuliwa wapi. Matangazo ya mwaka uliopita yahamishiwe kwenye kumbukumbu, mwaka ukiandikwa wazi, yasije yakamchanganya mzazi wa mwaka unaofuata.

Kanuni hizi zinafaa pia vyuo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti. Hata ukurasa mmoja mwepesi unatosha, mradi uwe na mwenyewe.

Mkazi afanye nini?

1. Mwanafunzi akague jina lake kwenye rasimu na aombe marekebisho kabla ya siku ya mwisho.
2. Kabla ya kulipa, linganisha nambari ya malipo na iliyo kwenye tovuti ya chuo.
3. Kabla ya kukodi gari, hakikisha tarehe na ukumbi tena, kisha piga simu kwa ofisi ya msajili ukiwa na shaka.
4. Asiye na intaneti amwombe jamaa au jirani anayemwamini amsomee, na asimpe mtu yeyote nenosiri la mwanafunzi.