Algoriti Zisizosubiriana katika Uchanganuzi wa Mtandao wa Umeme: Mfano wa Kibondo na Kasulu

Kwa miaka mingi, miji ya Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, kila mji ukiwa na mtandao wake. Mwaka 2022 iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa laini ya kilovolti 33 kutoka kituo cha kupoozea umeme cha Nyakanazi. Tangu hapo, volteji ya mji mmoja haikokotolewi bila kuzingatia ya mwingine.

Katika ukokotoaji sambamba, kila kichakataji hupewa sehemu ya mtandao, hukadiria volteji yake, kisha hubadilishana makadirio na jirani. Algoriti zikiwa za kusubiriana, kichakataji kimoja kikichelewa, vyote hukaa bure. Zikiwa zisizosubiriana, kila kimoja huendelea na makadirio ya mwisho yaliyokifikia, hata kama yamepitwa na wakati.

Je, jibu litapatikana? Mwaka 1969, Chazan na Miranker walithibitisha kuwa, kwa milinganyo mstari, marudio ya aina hii hutulia iwapo vizidishi vyake, vyote vikichukuliwa kuwa chanya, bado hufifisha kosa duru kwa duru, mradi ucheleweshaji uwe na kikomo.

Kwa mfano, vipande viwili vya laini vichukuliwe kuwa na ukinzani sawa, na volteji ya Nyakanazi isibadilike. Volteji ya Kibondo ni wastani wa ile ya Nyakanazi na ya Kasulu, ikipunguzwa kwa sababu ya matumizi. Ya Kasulu ni ile ya Kibondo, ikipunguzwa vivyo hivyo. Kosa la volti 100 katika makadirio ya Kasulu hufika Kibondo likiwa 50, hurudi Kasulu likiwa 50, kisha hufika Kibondo likiwa 25. Taarifa zikichelewa, kosa hupungua polepole zaidi, lakini haliongezeki.

Hatari iko katika kuamua wakati wa kusimama. Kichakataji kisichopokea taarifa mpya hakibadilishi makadirio yake, na utulivu huo hufanana na jibu sahihi. Aidha, milinganyo halisi ya mtiririko wa umeme si mstari, hivyo uthibitisho wa 1969 pekee hautoshi. Kwa hiyo, kabla ya mwendeshaji kuamua kupunguza matumizi Kasulu, makadirio yote hayana budi kukusanywa na kupimwa kwa pamoja katika milinganyo yenyewe. Vinginevyo, mji unaweza kukatiwa umeme kwa sababu ya taarifa iliyochelewa tu.