Makovu ya Bwana hayakufutwa



Mwinjili Yohane anatusimulia kwamba Bwana alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu wake. Kifo kilikuwa kimeshindwa, lakini alama za misumari zilibaki. Hakuzificha, na Tomaso alialikwa kuzigusa.

Nayakumbuka makovu hayo nikifikiria kazi za Mtanzania mwenzetu, Everlyn Nicodemus, mchoraji na mshairi. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Sweden, na huko alionja ubaguzi wa rangi. Aliyoshindwa kuyasema kwa lugha ya kawaida akayaweka katika rangi na mashairi. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 1980.

Baadaye aliketi na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, akawasikiliza kwanza, ndipo akachora. Yeye mwenyewe aliugua kutokana na majeraha ya nafsi, na sanaa ikawa njia yake ya kuinuka. Picha aliyojichora mwaka 1982 ina nyuso kadhaa zilizoungana, maana mtu mmoja hubeba mengi ndani yake. Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London liliinunua.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi wa Mwanza tunalijua hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari yetu, mamia wakafa, na wengi wamelala makaburini Igoma. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Ni mara ngapi tumemwambia mjane, "Yameshapita, sahau"? Tunadhani tunamfariji, kumbe tunamnyamazisha.

Kupona si kusahau. Msamaha wa Kikristo hauombi tufute kumbukumbu. Unaomba kumbukumbu isigeuke kisasi. Ndiyo maana katika kila Misa tunaadhimisha kumbukumbu ya Mwili uliotolewa na Damu iliyomwagika, na kumbukumbu hiyo hutupa uzima.

Ndugu mpendwa, juma hili mtembelee mmoja katika jumuiya yako ndogo ndogo aliyefiwa zamani. Usimpe mahubiri. Mwulize jina la marehemu wake, kisha msikilize hadi amalize. Jumapili ijayo, mtoleeni marehemu huyo nia ya Misa, mkimtaja kwa jina.