Hita iliyozibwa Dar, baridi ya Njombe

Mnunuzi wa gari la mtumba hukagua injini, gia, bodi na matairi, kisha huwasha kiyoyozi na kuweka mkono mbele ya matundu hadi aridhike. Hita haigusi. Jijini Dar es Salaam nani anahangaika na hita? Ndiyo maana ubovu wake hukaa umefichwa chini ya dashibodi miaka na miaka, mpaka gari liuzwe kwa mtu wa Mafinga, Njombe au Makete, na mwezi wa Juni ufike.

Hapo ndipo mwenye gari anapojua alichonunua. Alfajiri kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani, kila akifuta unarudi, na swichi ikizungushwa hadi mwisho wa rangi nyekundu kinachotoka ni upepo ule ule wa nje. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, na Julai umande wa huko unaweza kugeuka barafu kwenye majani. Kupishana na malori ya mbao kwenye kona za huko huku unachungulia kupitia kitundu ulichofuta kwa kiganja ni hatari ambayo hakuna anayeihesabu anapojadili bei ya gari.

Fungua boneti, sababu utaiona. Kuna mipira miwili ya maji iliyotakiwa kupenya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Badala yake imeungwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klampu mbili; maji hayaingii tena kwenye hita. Fundi aliyefanya hivyo hakuwa mjinga. Hita ilikuwa inavuja, mteja ana haraka, na kung'oa dashibodi kungemwacha bila gari siku nzima au zaidi. "Hita ya nini bosi, na joto lote hili?" Wakaelewana.

Hita ya gari ni rejeta ndogo tu, ukubwa wa daftari nene. Maji yanayopoza injini, yakiwa na nyuzi 80 hadi 95 hivi, hupita ndani yake. Feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na joto linaingia ndani ya gari. Hakuna mafuta ya ziada yanayochomwa. (Wenye Volkswagen za zamani zenye umbo la kobe wanaweza kuruka makala haya: injini yao hupozwa kwa hewa, na joto la ndani huchukuliwa kwenye mabomba ya moshi.) Kwa kuwa ni rejeta, hita ina faida hata kwa asiyejua baridi. Dereva mzoefu anayepanda mlima wa Kitonga akiona mshale wa joto unapanda, huzima kiyoyozi, akafungua hita yote na feni mwisho, akashusha vioo, akavumilia jasho. Anakuwa ameiongezea injini rejeta ya pili. Ambaye hita yake imerukwa kwa kile kipande cha bomba hana msaada huo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba hita ndiyo mbovu. Maji yanapungua kwenye rejeta na chini ya gari hakuna tone, zuria la upande wa abiria limelowa, ndani kuna harufu tamutamu, na kioo kinapata ukungu wenye utelezi kama mafuta: hiyo inavuja. Usiichanganye na maji ya kiyoyozi, ambayo hayana rangi, harufu wala utelezi. Ikiwa haivuji lakini haitoi joto, subiri injini ipate moto, fungua hita mwisho, ushike ile mipira miwili kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto, hita inapata maji, na tatizo huenda ni kipazia cha ndani kinachogeuza njia ya hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili vuguvugu, hita imeziba. Injini ikishapoa, chomoa mipira, pitisha maji ya bomba kwa nguvu ndogo kinyume na mwelekeo wake wa kawaida mpaka yatoke safi. Mara nyingine kazi inaishia hapo, na hujafungua skrubu hata moja ya dashibodi.

Kinachoziba, na baadaye kutoboa, kwa kiasi kikubwa ni maji ya bomba au ya kisima. Gari linatoka Japani likiwa na kulenti ya rangi, kwa Toyota nyekundu au pinki. Linachemsha mara moja, linaongezwa maji ya ndoo; mara ya pili, ndoo nyingine; mwisho kulenti imebaki jina. Chumvi za maji hayo na kutu hutangulia kukaa kwenye hita, maana njia zake ni nyembamba kuliko za rejeta kubwa. Unga wa kuzibia rejeta nao huishia humo humo. Hita za zamani zilikuwa za shaba na mwenye mkono mzuri aliweza kuzilehemu. Za sasa nyingi ni za aluminiamu nyembamba, hazilipi kulehemu.

Hivyo unaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Shauri Moyo jijini Dar, na hapo kuna njia tatu: orijino, iliyotolewa kwenye gari jingine, au mpya ya kampuni nyingine. Iliyotumika siipendi kabisa. Umri wake ni ule ule wa iliyokufa. Mpya ya kampuni nyingine inafaa, mradi uichunguze kabla ya kulipa. Nenda na namba ya chesisi, na kama gari ni Toyota angalia namba ya spea: hita zake huanza na 87107. Bora zaidi, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha unene, urefu, kipenyo cha mabomba na pembe yanakopindia. Tofauti ya milimita chache kwenye unene inatosha kufanya hita isiingie kwenye boksi lake, na bomba lililopinda vibaya halitafika kwenye tundu la ukuta. Muuzaji atakwambia "itaingia tu". Mwache nayo.

Ukifika nyumbani, usiifunge kwanza. Ziba bomba moja, pampu ya baiskeli yenye geji iwe kwenye jingine, izamishe hita ndani ya beseni la maji na uijaze upepo taratibu, usizidi bar 1. Mapovu yakitoka, irudishe dukani ikiwa safi. Nasisitiza jaribio hili kwa sababu gharama ya kazi hii haiko kwenye spea. Iko kwenye dashibodi, na hakuna anayetaka kuing'oa mara mbili.

Ugumu wa kuing'oa unategemea gari. Kwenye Land Rover Defender za kabla ya 2007 boksi la hita liko chini ya boneti, dashibodi haiguswi. Kwenye saluni nyingi za Kijapani utaondoa kabati la abiria, redio, pengine dashibodi nzima. Chomoa waya hasi wa betri na usubiri: Toyota hutaka angalau sekunde 90 kabla ya kukaribia mifuko ya hewa ya usukani na ya abiria. Piga picha kila plagi. Na kama boksi la hita limeungana na la kiyoyozi kiasi kwamba gesi lazima itolewe, mwite fundi wa kiyoyozi mwenye mashine. Hiyo si kazi ya uani.

Mpira wa maji uliogandamana na bomba la hita usiuzungushe kwa plaizi, bomba litakatika. Uchane kwa kisu kwa urefu, kisha nunua mpya. Sponji zilizozunguka hita ya zamani nazo mara nyingi hazimo kwenye boksi la spea mbadala. Kata nyingine, ubandike. Bila sponji hewa itapita pembeni ya hita, na utakaa na baridi ile ile huku spea ni mpya.

Kabla ya kurudisha dashibodi, jaza kulenti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita mwisho, washa injini, minya mipira mpaka mapovu yaishe na feni ya rejeta iwake. Hewa ikibaki ndani, hita itatoa ubaridi na injini inaweza kuchemsha. Weka kitambaa kikavu chini ya boksi la hita na uangalie kama kinalowa. Kulenti ya zamani usiimwage uani: ni tamu, na ni sumu kwa watoto na mbwa.

Anayeishi Dar na kuamua kuruka hita hana kesi ya kujibu, gari litatembea. Lakini ukiliuza, mwambie mnunuzi, hasa akisema analipeleka Njombe.