Kanouté: jezi isiyo na tangazo na msikiti wa Sevilla

Wazazi wengi wa Kiislamu hulalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba vijana wao wanayajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko wanavyoyajua majina ya Masahaba. Ijumaa hii, badala ya kuwakemea, tumeona ni vyema tuzungumze nao kwa lugha waipendayo. Tumtaje mchezaji mmoja ambaye amekwisha kuistaafu kandanda, lakini habari zake zingali zinastahiki kusimuliwa sebuleni baada ya swala ya Isha.

Frédéric Kanouté alizaliwa Septemba 2, 1977, karibu na mji wa Lyon nchini Ufaransa, baba yake akiwa mtu wa Mali na mama yake Mfaransa. Alianza soka katika klabu ya Lyon, na ni katika miaka hiyo ya ujana ndipo alipoukubali Uislamu kwa hiari yake. Mwaka 2000 alivuka bahari kwenda Uingereza kuichezea West Ham, kisha Tottenham mwaka 2003. Ufaransa ilikuwa imekwisha kumtumia katika timu yake ya vijana, na kwa kanuni za zamani mlango wa Mali ungekuwa umefungwa. FIFA ilipozilegeza kanuni hizo, Kanouté aliichagua nchi ya baba yake. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004 kule Tunisia alifunga mabao manne, akawa miongoni mwa wafungaji bora, na Mali ikafika nusu fainali.

Neema yake kubwa ya kiwanjani, hata hivyo, aliikuta Hispania. Alijiunga na Sevilla mwaka 2005. Mei 2006, katika fainali ya Kombe la UEFA mjini Eindhoven, Sevilla iliichapa Middlesbrough mabao 4-0, na la nne lilikuwa lake. Mwaka uliofuata kombe hilo lilitwaliwa tena mbele ya Espanyol kwa mikwaju ya penalti, naye alifunga katika muda wa nyongeza. Juni 2007 alifunga bao pekee lililoipa timu yake Kombe la Mfalme dhidi ya Getafe, kisha katika mechi hiyo hiyo akatolewa kwa kadi nyekundu. (Hakuwa malaika, wala hatusemi kuwa alikuwa malaika.) Miezi miwili baadaye aliifunga Real Madrid mabao matatu nyumbani kwao. Haikushangaza alipopewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2007, akiwa wa kwanza kuipata aliyezaliwa nje ya bara hili.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuishike kalamu. Mwaka 2006 Sevilla ilipata mdhamini mpya, kampuni ya michezo ya kamari ya mtandaoni, na jina lake likaandikwa kifuani mwa jezi. Ndugu msomaji, hukumu ya kamari katika Suratul Maida haihitaji tafsiri ndefu. Imewekwa pamoja na ulevi. Kanouté hakufanya mkutano na waandishi wala hakuitukana klabu iliyokuwa ikimlipa. Aliwaeleza viongozi kwamba dhamiri ya dini yake haimruhusu kuitangaza biashara ile, na kwa muda alionekana uwanjani akiwa na jezi isiyo na tangazo, miongoni mwa wenzake kumi waliokuwa nalo. Baadaye maelewano yalifikiwa, akaivaa jezi kama wenzake.

Wapo waliosema kwamba hapo alirudi nyuma. Sisi tunasita kumhukumu. Mtu aliyefungwa na mkataba, mwenye familia na waajiri wasioijua dini yake, alilisema neno lake kwanza, na alilisema pale ambapo lingeweza kumgharimu riziki. Ni wangapi kati yetu tulikwisha kulisema neno kama hilo kazini? Na leo hapa Afrika Mashariki, ambapo kijana hubeti kwa simu akiwa kitandani, mzazi anayetafuta namna ya kuanza mazungumzo na mwanawe anaweza kuanzia kwenye jezi ile.

Tukio la pili lilijulikana mwishoni mwa mwaka 2007. Waislamu wa Sevilla walikuwa wakiswali katika jengo la kupanga, kwenye uwanja wa Ponce de León. Mkataba wa pango ulikwisha, na jengo lilikuwa mbioni kuuzwa. Kanouté alitoa fedha zake mwenyewe, zaidi ya dola 700,000, akalinunua, na swala ya Ijumaa ikaendelea kuswaliwa. Anayeijua historia atauelewa uzito wa jambo hili. Mji huo ndio Ishbiliya ya Waislamu wa Andalusia, uliochukuliwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1248. Mnara wa msikiti wake mkuu, uliojengwa na Wamuwahidi, ungali umesimama. Leo huitwa Giralda, nao ni mnara wa kengele za kanisa kuu.

Januari 7, 2009, mabomu yakiwa yanaidondokea Gaza, Kanouté alifunga bao dhidi ya Deportivo, akaipandisha jezi yake. Ndani yake palikuwa na fulana nyeusi yenye jina la Palestina katika lugha kadhaa. Refa alimwonyesha kadi ya njano, na wakuu wa soka wa Hispania wakamtoza faini.

Kwa Mali alikumbuka kurudisha fadhila. Taasisi yenye jina lake ilijenga karibu na Bamako kijiji cha watoto yatima kiitwacho Sakina, yaani utulivu.

Aliondoka Sevilla mwaka 2012 akiwa ameifungia mabao zaidi ya 130, akacheza Beijing Guoan ya China, na mwaka 2013 akafunga ukurasa wa uchezaji. Lakini Sevilla hakuisahau. Mwaka 2019 alirudi kwa sura nyingine: alisimama mbele katika kampeni ya kuchangisha dola milioni moja, ili Waislamu wa mji ule wajengewe msikiti wao hasa, ulioanzwa toka msingi kwa ajili ya swala, baada ya zaidi ya miaka 700.