Siku za Hatari Tumboni mwa Ng'ombe

Siku ya 7 baada ya yai kurutubishwa, kiinitete cha ng'ombe ni kitone cha seli mia moja hivi kinachoelea ndani ya mji wa mimba. Hakina kingamwili hata moja, lakini BVDV, kirusi cha ugonjwa wa kuhara kwa ng'ombe ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1946 huko New York, hakikipati. Kinachokilinda ni zona pelusida, utando mnene wa protini uliolizunguka yai tangu likiwa kwenye ovari.

Wanaohamisha viinitete kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine huutegemea utando huo. Hukiosha kiinitete mara 10, na pale virusi vinapong'ang'ania juu yake, kama kirusi cha herpesi ya ng'ombe aina ya 1, hutumia pia kimeng'enya cha tripsini. Kiinitete chenye utando uliopasuka hakiaminiki tena.

Ulinzi huo haudumu. Kati ya siku ya 8 na ya 10 kiinitete huupasua utando na kutoka, maana hakiwezi kurefuka kikiwa ndani yake. Siku ya 16 hivi hutoa interferoni tau, protini inayouarifu mwili wa mama kwamba mimba ipo. Mama akiambukizwa BVDV katika majuma hayo, au hata kabla ya kupandwa, ovari na homoni zake huweza kuvurugika na kiinitete kikafa. Mfugaji haoni damu wala kijusi kilichotupwa. Anaona tu ng'ombe amerudi kwenye joto, na lawama humwangukia dume au mhimilishaji.

Mimba ikinusurika, hatari hubadilika sura. Kirusi kikikifikia kijusi kati ya siku ya 40 na ya 120 hivi, kinga changa ya kijusi hukichukulia kirusi kuwa sehemu ya mwili. Ndama huzaliwa nacho na hukimwaga maisha yake yote kwa mate, kamasi, maziwa na mbegu, huku pengine akionekana mzima kabisa. Maambukizi ya baadaye kidogo huharibu ubongo na macho. Katika miezi ya mwisho kijusi huweza kujitengenezea kingamwili.

Kwa hiyo adui wa zizi ni ndama huyo aliyezaliwa na kirusi. Sweden na Norway zilianza kumsaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikautokomeza ugonjwa bila chanjo. Uswisi ilifuata mwaka 2008, ikipima kipande cha sikio la kila ndama aliyezaliwa.

Kingamwili za BVDV zimepatikana kwa ng'ombe wa Kenya na Tanzania pia. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanarudia joto mara kwa mara asikimbilie kuwauza. Amwite daktari wa mifugo, aombe kipimo, na asiingize zizini mtamba au dume ambaye hajapimwa.