Kutoka Doria hadi Mabomu: Ndege za Wabelgiji na Kuanguka kwa Kigoma, 1916

Baadhi ya masimulizi ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika huyahesabu mashambulizi ya ndege za Wabelgiji kuwa ndiyo yaliyoiangusha Kigoma. Sehemu hii inalipima dai hilo kwa kuangalia ndege zenyewe na hali ya meli zilizoilenga.

Meli hiyo, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ilipoanza kazi mwaka 1915, hapakuwa na chombo cha Wabelgiji ziwani kilichoweza kukabiliana nayo. Uingereza ikawapa ndege nne aina ya Short 827, zinazoruka na kutua majini. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki: kando ya ziwa hapakuwa na kiwanja cha ndege, na maji yenyewe yangekuwa kiwanja.

Hata hivyo, Short 827 ilikuwa ndege ya doria, yenye viti viwili na injini ya nguvu za farasi 150, iliyokusudiwa kufanya kazi pwani. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake, nyepesi na yenye joto, hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kuibeba ndege. Kila bomu lililoongezwa lilifanya kupaa kuwe kugumu zaidi. Mawimbi nayo yalikilazimisha kikosi kutafuta maji madogo yaliyokingwa, karibu na Mtoa. Ndipo tarehe 10 Juni 1916, Behaeghe na Collignon waliporuka hadi Kigoma na kuidondoshea meli mabomu. Madhara yaliyotokea yamebishaniwa tangu wakati huo.

Ubishi huo unaweza kupunguzwa kwa kuutazama mwisho wa meli. Majeshi ya Wabelgiji yalishuka kwa miguu kutoka Urundi kuelekea Uha, nyanda za juu za Kasulu, Kibondo na Nyakitonto ya leo, na kuitishia reli. Bila reli, bandari isingekuwa na maana kwa Wajerumani. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikwisha kuondolewa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibiwe na maji. Siku mbili baadaye Kigoma ikatwaliwa.

Mabaharia hawahifadhi mitambo iliyokwisha kuvunjwa na mabomu. Mwaka 1924 meli iliopolewa, mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zake za mvuke ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1970.